Nukta Nyekundu kwenye Lensi

Gisenyi, 11 Februari 2024

Papa,

Salamu. Natumaini kifua kimetulia na baridi ya Mudende, na ng'ombe wanakutii kuliko sisi watoto wako. Huku tuko wazima. Mjukuu wako Mwiza ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka kwa kujiziba mdomo.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu huipokei ukiona jina langu. Igor wa lori la viazi ataileta.

Cedric ameniambia umempa lensi zako zote. Cedric, ndugu yangu, fundi wa pikipiki! Mimi ndiye ninayekula kwa picha, Papa. Studio yangu niliianza na mashine ya picha ya kuazima na shuka la mama kama pazia. Hukunipa hata msumari, wala sikuomba. Leo naomba lensi moja, ile ya milimita hamsini. Si ya wateja. Nataka kumpiga picha Mwiza akiwa hana habari. Mashine yangu ya kisasa hulia kabla ya kupiga, na akisikia ule mlio anasimama wima kama wa pasipoti. Lensi yako haina mota, inazungushwa kwa mkono, hailii.

Tena nimetafuta picha zangu za utoto. Zote niko juu ya kile kigoda cha studio yako ya Goma, nimekaza uso, nawe unapima mwanga kabla mteja hajaingia. Picha ya kwanza ya kila filamu, ile ya kutupwa, ndiyo iliyokuwa yangu. Hakuna hata moja ninayocheka. Sitaki Mwiza aje aniambie hivyo.

Mwanao,
Kankindi


Mudende, 3 Machi 2024

Kankindi mutoto wangu,

Bonjour. Kifua iko muzuri, baridi iko vile inakuwaka. Ng'ombe wanakusalimia.

Lensi nilimupa Cedric sababu hana kazi nazo. Mutu asiye na kazi na kitu hakiharibu. We uko na mashine inalenga peke yake, nilisema utazicheka, utaziweka kwenye kabati ya kioo wateja waangalie. Bon. Umesema ni ya mutoto. Nimemwambia Cedric akuletee ile ya hamsini. Usiipanguse na sabuni.

Mbele ya studio yako nilipita mara moja. Kibao kimepinda.

Papa yako,
Vénuste


Gisenyi, 24 Machi 2024

Papa,

Salamu, na asante. Cedric ameileta ndani ya soksi, inanuka petroli. Tumeamka vizuri, ila mimi nimeamka na hasira.

Picha haziwi kali. Nimefanya hesabu: diafragma, lile tundu la mwanga, ikiwa wazi kwenye mbili, na Mwiza akiwa mita moja na nusu, kinachoonekana kikali ni kipande cha sentimita kumi tu. Mtoto wa miaka mitano hakai ndani ya sentimita kumi. Nikizungusha pete ya umbali kumfuata, ameshafika jikoni.

Nimekuwekea picha tatu ndani ya bahasha. Halafu kuna mtu amedondosha rangi ya kucha kwenye pete, nukta nyekundu. Nitaikwangua.

Mwanao,
Kankindi


Mudende, 14 Aprili 2024

Kankindi mutoto wangu,

Salamu kwako na kwa baba Mwiza. Tunavuna viazi, mugongo unalalamika, si sana.

Ile rangi usikwangue.

Picha niliangalia na lupu, ile kioo ya kukuza. Ya kwanza ulilenga sikio. Ya pili ulilenga mulango. Ya tatu hukulenga kitu, ulikuwa unakimbia. We unamufuata mutoto na lensi kama mutu anafukuza kuku.

Sikiliza. Chukua kamba, piga fundo kwa mita moja na nusu, vile nilifanya Goma: ncha kwenye mashine, fundo kwenye pua ya mutu. Rudia na kiti tupu mupaka mukono ujue umbali bila kamba. Halafu weka pete hapo, funga diafragma kwenye nane, utapata karibu nusu mita. Kisha ukae, fanya kazi yako kama hujali. Usimufuate. Usimwite jina. Ataingia mwenyewe.

Papa yako,
Vénuste


Gisenyi, 9 Juni 2024

Papa,

Salamu. Mgongo je? Huku tuko wazima, mvua imekatika.

Nilipogusisha fundo kwenye pua ya Mwiza alicheka. Mimi nilikumbuka fundo lako lilivyonuka dawa ya kusafishia filamu. Nimekumbuka na bado nimekasirika, ujue.

Jumamosi nilikaa kizingitini nachambua dagaa wa sambaza, mashine mapajani. Mwiza alikuwa anachora ng'ombe sakafuni kwa makaa. Akasogea mwenyewe, akaingia ndani ya ile nusu mita, akainama. Nikabonyeza. Hakugeuka.

Nimekuwekea hiyo moja. Mwenye kutaka kuhesabu kope atazihesabu.

Mwanao,
Kankindi


Gisenyi, 18 Agosti 2024

Papa,

Salamu, kama zinafika. Igor ameshuka mara nyingi, mikono mitupu. Anasema bahasha alikupa mkononi.

Kama picha ni mbaya, sema ni mbaya. Maneno hayo nimeyazoea kwako. Kunyamaza sijakuzoea.

Mwanao,
Kankindi


Mudende, 6 Oktoba 2024

Kankindi mutoto wangu,

Salamu kwako na kwa Mwiza. Huu mukono ni wa Cedric, maneno ni yangu.

Macho yamechoka. Zile tatu nilisaidiwa na lupu na jua. Hii yako nilipeleka mulangoni, nikaipeleka uwanjani, nikaona karatasi na kivuli. Nikangojea siku ya jua kali zaidi. Haikuja. Haikuwa hasira.

Jana Cedric alikuja, nikamwambia, nisomee picha. Akasema, ni Mwiza. Nikasema, mupumbavu, hiyo najua, soma. Akasema: ameinama, nywele zimefunika jicho moja, ameuma ulimi. Nikasema, ulimi umetokea upande wa kushoto. Akaniuliza nimejuaje.

We ulikuwa unauma hivyo. Ulikuwa unachora kwenye vumbi nyuma ya kigoda, kati ya muteja na muteja. Filamu ilikuwa ya wateja, sikupiga. Kuona, niliona.

Ile rangi ni ya marehemu mama yako. Alitia nukta kwenye pete, kwa umbali ule fundo liligusa pua yako, nisipime upya kila asubuhi. Wateja wote wa Goma walikaa mahali pako.

Papa yako,
Vénuste

(Mimi Cedric: mupumbavu alisema mara mbili, nimeandika moja.)


Gisenyi, 13 Oktoba 2024

Papa,

Salamu. Cedric akusomee polepole, asiongeze yake.

Igor anashuka Jumamosi. Nimeongea naye, kiti cha mbele ni chako. Habari ya daktari wa macho tutaizungumza ukishakula.

Kibao nimekinyoosha. Kigoda nimekuwekea karibu na mlango, pale jua linapoingia asubuhi. Mwiza atakuwa chini na makaa yake. Pete nimeiweka kwenye nukta, diafragma kwenye nane, na mimi nitakuwa nachambua sambaza kama sijali.

Usinyooshe kola. Usikaze uso. Sitakuita jina.

We ingia tu.

Mwanao,
Kankindi