Mpira Ndani ya Tangi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako je, limepungua kuuma? Huku tu wazima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu haupimwi hospitalini: ni shemeji, mume wa mdogo wetu.

Unajua gari-nyumba la baba, lile lenye kitanda na jiko ndani, halijawahi kuguswa na mkono mwingine ila wangu. Sikusomea, lakini miaka kumi na moja nimelitibu na kuliendesha. Sasa baba anataka kuja nalo kwako kabla macho hayajamkatalia kabisa, nalo likaanza visa: tambarare linakwenda, likiona mlima linakohoa na kuzima. Nikabadilisha chujio la mafuta. Wapi! Nikalala chali chini ya tangi, nikamwomba mama awashe swichi, pampu ikavuma. Nikatangaza kwamba pampu ni nzima.

Ndipo shemeji, ambaye hakuulizwa na mtu, akaweka kikombe chini na kusema kwa adabu kwamba pampu inaweza kuvuma na bado isisukume. Akaleta geji yake ya kupima msukumo wa mafuta, imelazwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini utadhani pete ya uchumba. Akaifunga kwenye bomba la mafuta pale injini. Mshale ukapanda nusu, ukagoma. Baba akaanza kumwita “fundi”. Dada, mimi miaka yote hiyo ananiita “wewe”! Mama naye akasifu jinsi mikono yake ilivyo misafi. Nikasema mikono misafi ni ya mtu asiye na kazi. Hakucheka mtu.

Jumamosi akashusha tangi. Nilisimama karibu nikimwombea akosee, Mungu anisamehe. Akaitoa pampu, akaitazama, akanitazama na mimi, kisha akatia kitu mfukoni. Akamwambia baba pampu imechoka kwa uzee, akaweka mpya. Mlima tukaupanda baba akipiga makofi.

Baadaye akanivuta nyuma ya nyumba, akanipa kile kitu, akasema tu kwamba ni changu.

Sasa sikia. Mwaka jana ule mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba, mle ndani ya tangi, ulichakaa. Nilivyo mvivu wa kwenda dukani, nikakata kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ndicho hicho alichonirudishia. Petroli ikaulainisha, ukapasuka, mafuta yakawa yanamwagika humo humo tangini badala ya kufika kwenye injini. Pampu ilikuwa nzima kweli. Mbovu ilikuwa kazi yangu, na yeye akanisitiri. Hata kwa wema kanishinda! Hilo linaniuma kuliko geji.

Baba hajui. Nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa nakujua hukai na neno: ukimaliza kusoma utampigia simu, na mimi nitakuwa nimeungama bila kumtazama usoni.

Tutafika mwisho wa mwezi. Baba amesema shemeji ndiye atakayeendesha. Mpokee vizuri, ila siku ya kwanza usimsifu mbele yangu.

Wakumbatie wapwa zangu wote.

Mdogo wako,
aliyekuwa fundi wa baba