Tairi la Nyuma

Shemeji yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa wanangu wote hapo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na lile jino lililokuwa linakusumbua umeshaling'oa, maana ukoo wenu naujua: mtu anakaa na jino bovu mpaka lidondoke lenyewe, halafu anatangaza kwamba limepona. Huku watoto hawajambo. Mkubwa amenipita kimo na ameanza kujibizana. Mdogo bado anauliza lini baba mkubwa atamletea ile baiskeli uliyomwahidi siku ile ulipokuwa umeshiba. Mimi nipo, cherehani inazunguka, viti vya pikipiki vya kushona havikosekani.

Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya simu. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na pazia katikati. Ukikohoa chumbani, sebuleni wanakupa pole. Neno nililo nalo siwezi kulisema kwenye simu naye yupo upande wa pili wa pazia, na siku hizi yupo hapo kutwa nzima. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, karatasi nimeiweka juu ya kiti cha mteja, na nitampa jirani anayesafiri kuja huko akukabidhi mkononi.

Uliuliza juu ya mgongo wa mdogo wako. Yeye alikwambia ni kiti cha pikipiki, na hakukudanganya. Sote tuliamini hivyo, na mimi niliamini kuliko wote kwa sababu viti ndiyo kazi yangu.

Maumivu yalianza taratibu, kiunoni, upande mmoja. Shughuli zake unazijua, kuchukua mikate kiwandani asubuhi, makreti yamefungwa nyuma, kuzunguka maduka mpaka mchana kwenye barabara ambazo mashimo ni mengi kuliko lami. Akawa anarudi amejishika kiuno kama mjamzito, nami nikamtania, nikamuuliza ni wa miezi mingapi. Alicheka. Tukakubaliana kwamba kiti kimekwisha. Na kweli kilikuwa kimekwisha, sponji imelala, ukikalia unagusa bati. Niliona aibu. Mji mzima nawashonea mimi, na mume wangu anakalia bati. Mganga hajigangi, walisema, na mimi naona hata mumewe hamgangi.

Nikakifumua kiti chote. Watu wengi wakija kwangu wanataka sponji laini tupu, wanadhani ulaini ndiyo raha. Nawaambia sponji laini inakudanganya hapa kibandani tu. Ukishakaa saa nzima inazama na mifupa inakutana na chuma. Kwa mdogo wako niliweka ngumu chini na laini kidogo juu, nikakipanua nyuma, nikakiinua kidogo mbele asiwe anateleza kwenda kwenye tangi, nikakipiga uzi mara mbili. Sijawahi kushona kiti kizuri kama kile. Siku ya kwanza alirudi anapiga mluzi, akasema leo mikate imemwonea wivu. Nikavimba kichwa, shemeji. Kila mteja aliyepita nilimwonyesha.

Haukupita muda mrefu mluzi ukakoma. Tukampeleka kwa Daktari. Usifurahi bado. Daktari ni fundi pikipiki wa mtaani kwetu, watu wamempa jina hilo kwa sababu husikiliza injini kwa bisibisi, ncha moja kwenye chuma na nyingine sikioni. Alimtazama mdogo wako alivyokaa, akasema ugonjwa ameshauona: mishikio iko chini mno, jamaa anaendesha ameinama kama anayetafuta sindano. Akaipandisha. Ikasaidia. Maumivu yakarudi, Daktari akasema ni springi za nyuma, zimechoka na zinagonga. Tukaweka mpya. Zikasaidia. Yakarudi tena, akasema upepo umezidi, tairi limejaa mpaka kila kokoto linapanda moja kwa moja kiunoni. Akaupunguza. Siku hiyo mdogo wako alirudi akisema barabara imetandikwa godoro, ila kwa ule mzigo pikipiki ikawa inapepesuka kwenye kona kama mlevi, ikabidi upepo urudishwe. Ilikuwa hivyo kila mara. Kila tulichogusa kilimsaidia siku chache, na hizo siku chache ndizo zilizotumaliza. Kiti changu kingeshindwa kabisa tangu mwanzo, tungejua mapema kwamba tunamtibu asiyeumwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mdogo wako hakuficha. Aliyatangaza kwa kila mtu, ila aliyaita kwa jina la pikipiki. Suruali zikaanza kumpwaya, akasema ni jua. Mguu wa kulia ukaingia ganzi, akasema breki ya mguu imekaa vibaya, Daktari akaikunja kidogo. Nami nikamkatia mto mdogo wa sponji wa kuweka kiunoni, nikaufungia mkanda, nikautia na pambo la uzi mwekundu. Hata kuandika habari za ule mto naona aibu.

Halafu akaanguka. Alianguka kwenye geti la kiwanda, mikate ikatapakaa chini, msimamizi akamfokea mbele za watu. Alirudi amechubuka kiwiko, akaniambia tairi la nyuma ni kipara, limeteleza. Kipara lilikuwa kweli, linang'aa kuliko kichwa cha mjomba wenu. Msimamizi alikuwa ameshamwambia asionekane pale mpaka abadilishe. Basi nikaona tumelipata tatizo, kumbe ni tairi. Nilifurahi, shemeji. Mume wangu ameanguka na mimi nimefurahi, kwa kuwa tumepata kitu kingine cha kubadilisha.

Aliyeniamsha ni mlinzi wa lile geti. Alikuja kushonewa begi, akaniambia kwa upole kwamba lile tairi tunalionea. Pikipiki ilikuwa imeshasimama, alisema. Mume wangu alishusha mguu akanyage chini, mguu ukakunjika kama si wake. Akasema alipolala pale chini hakuwa na habari na mikate hata kidogo, alikuwa anautazama ule mguu.

Nikampeleka hospitali kwa ugomvi. Wakampiga picha, wakampitisha na kwenye mashine kubwa. Daktari, na sasa nasema daktari wa watu, ni binti tu, mwembamba, ana miwani. Alimwomba mdogo wako aende chumba cha pili akapimwe uzito, mimi akaniambia nibaki. Akaiweka picha kwenye taa. Mifupa ya mgongo wake ilikuwa imetoboka toboka kama sponji iliyoliwa na panya. Hivyo ndivyo nilivyoona mimi; yeye alikuwa na jina lake refu. Alisema ugonjwa ulianzia kwingine, umeshafika kwenye uti wa mgongo na hautaishia hapo. Nikamuuliza dawa. Akasema ya kupunguza maumivu ipo. Nikamuuliza nyingine. Akavua miwani, akaifuta, akasema miguu ndiyo itakayotangulia. Nikamuuliza kama tungekuja mapema, wakati ule wa kiti, ingekuwaje. Akasema pengine. Natamani angesema isingesaidia kitu.

Aliniuliza nani amwambie mgonjwa, yeye au mimi. Nikasema mimi. Mdogo wako akarudi kutoka kwenye mizani akiuliza wamesemaje, nikamjibu wamesema apumzike na ameze dawa. Akacheka, akasema si alishaniambia, ni barabara tu.

Dawa zile zina nguvu. Zilimtuliza mpaka akaanza kusema juma lijalo anarudi kazini, ila tairi kwanza. Nikampiga chenga, mara mvua, mara kazi zimenibana. Ukoo wenu haupigwi chenga sana. Mwishowe Daktari, yule fundi, akaitanguliza pikipiki duka la matairi, sisi tukafuata kwa miguu, mkono wake begani kwangu kama wachumba. Watu walitutania njiani, naye akawajibu kwamba penzi limeanza upya.

Muuza matairi ni bwana mnene anayekaa katikati ya matairi yaliyopangwa, unamwona kuanzia kifuani. Alimuuliza anapita wapi, lami au vumbi, anabeba nini, anatembea umbali gani kwa siku. Yale yenye meno marefu akayaweka kando, akasema hayo ni ya tope, kwenye lami yatamtikisa bure. Yakabaki mawili, ukubwa uleule ulioandikwa ubavuni mwa tairi la zamani. Moja la mpira mgumu. Hilo, alisema, ni la mtu wa kazi, akilifunga anaweza kulisahau, ila kila kokoto atalijua kwa jina na barabara ikilowa asikimbie. Lingine la mpira laini. Linashika barabara hata kwenye mvua, linameza mashimo, kiuno kitashukuru, lakini kwa mzigo wa mikate mwaka hautazunguka kabla halijawa kipara.

Mdogo wako hata hakufikiri. Akaweka mkono juu ya lile gumu, akasema yeye tairi hununua mara moja, na hilo litamfikisha mpaka mtoto wetu wa mwisho aingie sekondari. Mimi nikasema achukue laini. Akasema laini litaisha upesi. Nikasema liishe.

Shemeji, unanijua. Mimi ndiye ninayewanunulia watoto viatu vikubwa ili wavikute mbele ya safari. Toka anioe, mdogo wako hajanisikia hata siku moja nikichagua kitu cha kuisha. Yule bwana alicheka humo ndani ya matairi yake, akasema hajapata kuona mke anayegombania mali isiyodumu. Hapo ndipo ningecheka na mimi, yakaisha. Badala yake nikajibu kwa sauti ya juu kwamba raha ya mgongo ni sasa, mwaka kesho kutwa anaujua nani. Sauti ilitoka na machozi ndani yake, na kila aliyekuwa pale aliyasikia.

Mdogo wako akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama mzigo kabla hajauinua. Mkono ulikuwa bado juu ya tairi gumu, vidole vinachezea zile nywele za mpira ambazo tairi jipya huwa nazo. Kisha akauondoa. Akamwambia muuza matairi amfungie lile laini.

Basi hivyo ndivyo alivyopata habari, shemeji. Nilikuwa nimeahidi pale hospitali kwamba nitamwambia mimi, na nilimwambia hivyo, dukani, mbele ya watu, kwa kumgombania tairi.

Lilipokwisha kufungwa alipanda, akazunguka uwanja ule mara moja, polepole, Daktari akitembea pembeni yake. Aliposhuka akasema kweli ni laini. Hajapanda tena. Mguu wa pili nao umeshamuaga. Sasa anashinda kwenye kochi, tunamgeuza mimi na mkubwa. Tangu siku ile hajaniuliza tena hospitali walisema nini. Ananiuliza kama nimekula. Mimi namuuliza kama anataka maji. Tunafichana kitu ambacho wote wawili tunakijua, kila mmoja anamhurumia mwenzake, na kati ya huruma hizo mbili hakuna anayeweza kusema neno. Nikitaka kulia nakuja hapa kibandani. Nikirudi ananitazama, ananiambia vumbi la sponji limeniingia machoni, nami naitikia.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba uje umwambie wewe, kaka mtu. Sasa naona kazi hiyo haipo. Njoo tu, na usingoje mwisho wa mwezi. Usije na habari za mtu fulani aliyekuwa hivyo akapona, wala za mganga wa mbali; tumeshazimaliza siku zote za kujaribu kwenye ile pikipiki. Matumaini sina, na sitaki uniletee. Nataka akae na mtu aliyenyonya ziwa moja naye. Labda mbele yako ataweza kuogopa, maana mbele yangu anajikaza, na mimi mbele yake najikaza, na tumechoka.

Mkeo msalimie sana, mwambie anisamehe kwa kukuita katikati ya shughuli zenu. Watoto wanakuamkia. Mdogo wako angekusalimia pia, ila hajui kwamba nakuandikia, au labda hilo nalo analijua.

Utaikuta pikipiki hapo barazani, tumeifunika turubai. Najua ulivyo, ukiona chombo lazima ukifunue, ukizunguke, ukisifu. Zungumza naye chochote utakachopenda, hata mambo ya kiti. Lakini nakuomba sana, shemeji, usimwambie kwamba tairi bado jipya.

Wako akupendaye,
Mke wa mdogo wako