Walichotafuta Kabla ya Kuja Kwetu

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi amerudi kutoka kwenye kongamano. Kaja na mkoba mpya na neno jipya: data. Hospitali nzima ya akina mama tumeitwa ukumbini kulisikia. Amelitamka mara ishirini na tatu. Nilihesabu — si ndiyo kazi yangu, afisa takwimu?

Anachotaka: kujua watu wanaandika nini kwenye mtambo wa kutafutia kabla hawajaingia kwenye tovuti yetu. Maneno hayo yanahifadhiwa. Kuna huduma ya wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, inayoyazoa kila siku na kuyahamishia kwenye ghala la data, halafu mimi nayageuza kuwa chati. Bodi izione Ijumaa ya wiki ijayo.

"Ni kuunganisha tu," kasema.

Tu! Kuna watu wamezeekea ndani ya hiyo tu.

Jumanne, 4 Machi

Kuunganisha kunahitaji idhini ya mmiliki wa tovuti. Nimezunguka ofisi zote nikiuliza mmiliki ni nani. Kila mmoja alikuwa na uhakika kabisa kwamba ni mwingine. Mwisho Fundi wa mitandao akafungua mashine yake, akacheka mpaka akavua miwani.

Mmiliki ni shemeji yangu.

Mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyeitengeneza tovuti miaka sita iliyopita. Mwezi uliopita Mkurugenzi aliamuru kurasa zipunguzwe, tovuti "ipumue". Shemeji akapinga, wakafokeana, akaacha kazi. Akaondoka na funguo zote kichwani. Hakuna aliyekumbuka kumwomba. Hapa kwetu mtu akiondoka tunahakikisha amerudisha kitambulisho na kikombe.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Shemeji. Sauti tamu kama kawaida. Wewe shemeji nakuheshimu sana, kasema, lakini huyo bwana mkubwa wako aniombe mwenyewe, kwa mdomo wake.

Mkurugenzi kasema hawezi kumpigia simu mtu aliyeacha kazi. Kwa hiyo leo nimekuwa tarishi kati ya wanaume wawili wazima wenye ndevu.

Jioni mama mkwe kapiga. Amesikia tunagombania tovuti.

"Ina vyumba vingapi, mwanangu?"

Nikamwambia si nyumba, mama.

"Sasa kama si nyumba, mnagombania nini?"

Amesema nimwachie, atazungumza na mwanawe.

Alhamisi, 6 Machi

Dakika nne. Mama mkwe alihitaji dakika nne! Shemeji amenikabidhi umiliki pamoja na ujumbe mfupi: "Ni kwa ajili yako, si yake."

Nikajua nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza. Huduma ya wingu ina mtumishi wake asiye mtu — akaunti yenye jina refu kama treni — naye sharti apewe ruhusa ya kuingia ghalani. Nikampa. "Ruhusa imekataliwa." Nikampa tena. "Ruhusa imekataliwa." Nikatoka, nikanawa uso, nikarudi, nikampa kwa upole. Imekataliwa. Nilikuwa nimekosea herufi moja ya jina lake. Saa tatu za maisha yangu, herufi moja.

Halafu ikaniuliza ghala likae eneo gani la dunia, ikaonya kwamba nikishachagua sibadilishi tena. Hata aliyenifungisha ndoa hakunitisha hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Imekubali! Alama ya kijani! Nimeruka kwenye kiti peke yangu. Msafishaji kanipa pole.

Inabidi kusubiri hadi siku mbili. Mkurugenzi kaja akasimama nyuma yangu, akaikodolea macho ile alama kama inayomdanganya. Data za mwaka jana ziko wapi, kauliza. Nikamweleza: inakusanya kuanzia tulipoiunganisha, hairudi nyuma.

"Umeiambia?"

Nimemwahidi nitaiambia.

Jumatatu, 10 Machi

Data imefika. Mistari na mistari. Nimekaa nayo tangu asubuhi, ni kama kusikiliza watu nyuma ya pazia. Wanatafuta saa za kuona wagonjwa. Wanatafuta namba ya wodi ya wazazi. Na wengi kuliko nilivyodhani: "mke mjamzito ananuna." Ndugu zangu, hilo hatuna kitengo chake.

Halafu kundi kubwa kuliko yote. "Mtoto hachezi tumboni." "Mtoto hachezi tangu jana." "Mtoto ameacha kucheza wiki ya 34." Mia moja na kumi na mbili walibonyeza wakaja kwetu. Siku mbili tu!

Nikashukuru. Ukurasa huo tunao. Shemeji aliuandika akiwa ameketi na Mkunga Mkuu. Unasema: usisubiri kesho, njoo sasa hivi, wodi iko wazi saa zote, piga namba hii. Nikabonyeza, nione wanachokiona wao.

Haupo. Ni mmoja wa kurasa zilizopunguzwa.

Mtambo wa kutafutia bado unaukumbuka, kwa hiyo bado unawaleta. Na tovuti yetu inayopumua inawapokea na kuwapeleka kwenye ukurasa pekee ulioongezwa: Ujumbe wa Mkurugenzi. Picha kubwa. Amekunja mikono, anatabasamu. "Karibu katika zama mpya za ubora."

Namba ya simu hakuna. Nimeitafuta mpaka chini.

Jumanne, 11 Machi

Nimempelekea Mkunga Mkuu ile orodha. Alianza kuisoma amesimama. Akavuta kiti.

Akaniambia wiki mbili zilizopita alimpokea mama aliyekuwa hamsikii mtoto tangu siku iliyotangulia. Alimuuliza kwa nini hakuja mapema. Yule mama akasema aliangalia kwenye simu, kwenye tovuti ya hospitali yenyewe, akakuta mzee anatabasamu. Akaona basi, huenda si jambo la kukimbiza mtu.

Mtoto alizaliwa amekufa.

Leo sina utani.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kwa Mkurugenzi saa mbili asubuhi, hotuba yangu nimeipanga. Nikamkuta ameshaifungua chati. Uso unang'aa.

"Unaona? Ukurasa wangu ndio unaoongoza! Watu wanatafuta uongozi!"

Nikamwambia hawakukutafuta wewe, mheshimiwa. Nikamwonyesha safu ya pili, yale maneno. Akasoma matatu, manne. Sura ikabadilika — namtendea haki, ilibadilika. Kwa muda mfupi nilidhani tumefika.

Kisha akakohoa. Hayo ni mambo ya kitaalamu, kasema, tutayaangalia baada ya kikao cha bodi. Nikamweleza habari ya yule mama. Akauliza kama naweza kuthibitisha kwamba ni ukurasa wake uliomchelewesha.

Siwezi. Nakusanya data kuanzia Ijumaa, yeye alikuja kabla. Wala sijui hata angewahi, mtoto angepona.

Nilipokuwa natoka kaniita tena.

"Hiyo safu ya maneno ifiche. Inachafua chati."

Nimeificha. Ndiyo, mimi. Mbofyo mmoja. Nilikuwa hodari sana.

Alhamisi, 13 Machi

Sikulala vizuri. Mume wangu kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kazi. Akasema si ulisema ni kuunganisha tu?

Nimemwandikia Shemeji: ule ukurasa wa zamani unao? Jibu likaja kabla sijaweka simu chini. Anao, kila neno. Mkunga Mkuu alimsahihisha mara nane, hawezi kuutupa.

Nikampelekea Fundi. Akausoma mpaka mwisho. Akasema kurudisha ukurasa kunataka fomu, na fomu inataka saini ya Mkurugenzi. Nikabaki nimesimama. Mkewe Fundi ni mjamzito, miezi saba. Sikumkumbusha. Hakuhitaji.

"Nakwenda kunywa chai," akasema. "Dakika kumi. Mashine sijaifunga, nimesahau."

Akatoka. Mlangoni akageuka: "Nasahau sana siku hizi."

Dakika kumi zilitosha. Saa nne na dakika arobaini ukurasa ukarudi mahali pake. Nikapiga ile namba kuhakikisha inaita. Akapokea Mkunga Mkuu mwenyewe: "Wodi ya wazazi, sema mama." Nikakata. Aibu gani hii, kwa umri wangu.

Sasa nasubiri kuitwa na Mkurugenzi. Hajaniita. Pengine hajafungua tovuti. Huwa anafungua ukurasa mmoja tu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika haya ndani ya kikao. Kila mtu anadhani nachukua kumbukumbu. Wajumbe tisa, meza ndefu, chupa za maji. Mimi niko kwenye kompyuta, kazi yangu ni kubonyeza nikiambiwa.

Mkurugenzi anang'ara. Chati iko ukutani, nguzo ya ukurasa wake ndefu kuliko zote. Kasema wananchi wana kiu ya uongozi na takwimu zinasema zenyewe. Makofi. Mimi pia nimepiga, mawili.

Mjumbe mmoja hakupiga. Mama wa makamo, muuguzi mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua. Kauliza kwa upole kabisa: hawa watu waliandika neno gani mpaka wakafika kwako?

Mkurugenzi kasema mbalimbali.

"Mbalimbali gani?"

Kasema ni mambo ya kitaalamu, watapewa ripoti. Yule mama hakumwangalia tena. Kanigeukia mimi.

"Wewe binti ndiye uliyeyaunganisha haya? Maneno unayo?"

Nikasema ninayo.

"Tuonyeshe."

Mkurugenzi kanikazia macho. Tabasamu limekwisha. Nikabonyeza.

Safu imefunguka ukutani, herufi kubwa. Hakuna anayekunywa maji. Mkurugenzi anasema kuna hitilafu, mashine inachanganya. Yule mama amesimama, amesogea mpaka karibu na ukuta, ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza na anausoma kwa sauti. Mtoto hachezi tumboni. Mkurugenzi ananiambia nizime. Ananiambia mara ya pili, kwa jina langu. Mikono yangu iko mapajani, kwenye daftari, na hii kalamu. Yule mama ameshuka mstari wa pili. Mtoto hachezi tangu jana. Mjumbe aliye jirani yangu ametoa simu, anaandika maneno hayohayo aone yatampeleka wapi. Inafungua. Inachelewa. Inafungua: "Usisubiri kesho, njoo sasa hivi."