Waishie Thelathini

Chang'ombe, Dodoma

Mama Zawadi, mke wangu,

Pokea salamu kutoka kwenye vumbi hili. Mimi mzima, kifua tu hubana upepo wa mchana unapoanza. Zawadi ameacha kukohoa? Na wewe, mguu umepona, au bado unaingia darasani ukichechemea na kuwaambia watu ni kiatu?

Barua yako kutoka Tunduru nimeipata. Nimesoma pale ulipoandika, "Unakaa na kompyuta yenye majina yetu, unashindwaje kulitoa langu? Au huko umeshapata Mama Zawadi mwingine?" Huyo mwingine sina, chumba chenyewe hakimtoshi. La jina nitakueleza, maana nami nimelielewa mwezi huu tu.

Maombi ya uhamisho ya walimu wanaotaka kuwafuata waume zao yamo yote ndani ya ile mashine. Tangu watu wapunguzwe kazini nimebaki nayo peke yangu, na kile kitabu chake cha maelekezo kilichochanika ndicho mwalimu wangu. Kila likizo ya shule ikikaribia, bosi wetu, Mzee Yohana, huniambia, "Kijana, waishie thelathini. Waenee ukurasa mmoja. Wakubwa wakiona ukurasa wa pili wanaahirisha kikao." Basi naiamuru mashine ikome kwenye thelathini. Inawatoa, inanyamaza. Haisemi kama nyuma kuna wengine, na kikaoni hakuna anayeuliza.

Kumbe imewapanga kwa herufi, tena kwa jina la kwanza, kama tunavyoitana. Kwa hiyo akina Agnes na Amina wameshafika kwa waume zao, wananenepa. Kabla zamu haijasogea kwenye B, akina Asha wapya wanaomba. Akina Zuhura mko palepale. Baba yako angejua, angekuita Abeda.

Nisikufiche, nilijaribiwa. Ningeweka A moja tu mbele: Azuhura. Ungepanda juu, na mtu akiuliza ningesema kidole kiliteleza. Nilikuwa nimeshaiandika Mzee Saidi alipobisha dirishani. Ni fundi mwashi, jirani yangu. Mkewe, Zainabu, anafundisha shule ya Kibakwe, na tangu nihamie hapa namwona anajisongea ugali wa mtu mmoja.

"Baba Zawadi, jina la mwenzangu limefika?"

"Bado, mzee."

"Haya. Labda liko njiani."

Labda liko njiani! Alipoondoka nikaifuta ile A.

Nikaenda kwa bosi. "Mzee, waishie thelathini vilevile, ila tuanze na waliosubiri muda mrefu zaidi."

Akanitazama juu ya miwani. "Ukurasa bado mmoja?"

"Mmoja, mzee."

"Sasa unachoniombea ruhusa ni nini?"

Jana karatasi ilitoka. Zainabu ni wa tatu kutoka juu. Nilipomwambia Mzee Saidi, alikaa kizingitini. Kisha akauliza ni wapi wanauza kitanda cha watu wawili.

Nikarudi kwenye ile karatasi, nikashuka na kidole mpaka chini kabisa. Wewe hukutoka. Wapo waliosubiri muda mrefu kuliko sisi, wengine wana watoto wasiomjua baba kwa sura. Mwaka huu hutahamia, Zuhura. Nimeona bora uyasikie kwangu kuliko kukaa unamtazama tarishi.

Ila nakuomba ushike hili. Zamani ulikuwa nyuma ya herufi, na herufi haihami. Sasa uko nyuma ya watu, nao wanahama mmoja mmoja.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, na umwambie dawa ya kifua aliyonifungia bado naitumia. Kaka yako fundi baiskeli msalimie, asiache kumpeleka Zawadi shule. Mwalimu mkuu wako naye umsalimie, ingawa anaomba kila siku usihame.

Mimi wako, niliye bado kwenye kitanda cha futi tatu na nusu,

Baba Zawadi