Mheshimiwa Hataki Kunyonya

Jumapili, 6 Aprili

Nimetoka kwa mdogo wangu sasa hivi. Damu inanichemka. Heri niandike kuliko kumpigia mtu simu nikamtolea maneno.

Wifi yangu ana wiki mbili tangu ajifungue. Mtoto wa kwanza, wa kiume, tunamwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyonuna. Juzi kliniki wamempima, uzito umeshuka badala ya kupanda. Warudi Ijumaa. Akiwa bado anashuka, analazwa. Basi nimemkuta wifi kitandani, chuchu zimechanika, machozi yanamdondokea mtoto usoni. Na watu walivyojaa chumbani! Mama yangu, aliyekuja kukaa nao kusaidia uzazi, shangazi, jirani, na mdogo wangu kasimama mlangoni na bisibisi mkononi. Ni fundi friji. Hakuna friji iliyoharibika.

Mama anamsimulia wifi mbele ya wote kwamba yeye alipotunyonyesha maziwa yalilowesha blauzi mpaka sketi. Kwamba mimi nilinyonya miaka miwili na nusu, nikaachishwa kwa shubiri. Hadithi hiyo nimelishwa tangu utotoni. Wifi anainamisha kichwa tu. Jirani naye akadakia, eti matiti madogo hayana kitu. Mwanamke huyu! Kwani maziwa yanawekwa kwenye gunia?

Kazi hii mimi nimefundishwa. Nesi wa kliniki yetu anatukusanya kina mama tulionyonyesha, anatufunza, tunawatembelea wazazi wapya mtaani. Mtaa mzima unanisikiliza. Leo nimefungua mdomo kwa mama yangu mzazi, nikaambiwa nikashone sare za wanafunzi, wateja wananisubiri. Kweli nabii hakubaliki kwao.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeacha cherehani, nimekwenda asubuhi. Nimewatoa wote chumbani. Shangazi kanuna. Na anune.

Sheria ya kwanza ya nesi wetu: mikono mgongoni. Humshiki mama titi, humsukumi mtoto kisogo. Mtoto akisukumwa kisogo anajikunja, anavuta kichwa nyuma, anagoma. Unaonyesha kwa mwanasesere wa kitambaa, mama anafanya mwenyewe. Mwanasesere wangu nimemshona mimi, jicho moja limeng'oka. Wifi alimwangalia akacheka kidogo. Nilifurahi jamani.

Nikamwambia aegemee nyuma, amlaze Mheshimiwa kifuani, asiwe na haraka. Mtoto akanusa, akatafuta, akaachama mdomo wote. Safari hii hakuuma ncha ya chuchu, alishika na ile sehemu nyeusi, kidevu kimezama. Nikasikia anameza! Wifi akaniangalia macho yamemtoka, haumii.

Mama akaingia.

Hakubisha hodi. Aliona kichwa cha mjukuu kimelegea akadhani amelala, akakishika kwa kiganja akakishindilia kwenye titi. Mheshimiwa akajipinda, akapiga yowe, chuchu ikatoka damu. Nikamwambia mama atoe mkono. Akasema mkono huo ndio ulionilea. Kila mtu kwenye nyumba hii ni daktari! Baada ya hapo mtoto hakushika tena, tukamkamulia maziwa kwenye kikombe. Kiasi kidogo tu. Wifi alikiangalia kile kikombe kama kimemtukana.

Jumatano, 9 Aprili

Kuna kitu hakiendi. Nimefika Mheshimiwa amelala fofofo. Kuamshwa haamki, titi halitaki, analiweka mdomoni kwa heshima tu. Wifi anasema labda mtoto hampendi. Amelisema taratibu, huku anakunja nepi. Nilitaka kuvunja kitu.

Nikaanza kuangalia. Kila mtoto akilia, mama anamchukua, anasema mzazi apumzike, anakwenda naye chumbani kwake. Anamrudisha amelegea, anacheua. Nikamnusa mdomo. Maziwa ya kopo!

Nilimfuata mdogo wangu karakana, nikamkuta kichwa kiko ndani ya friji ya mtu. Nikamwambia atoke. Hakunizungusha. Mama alimtuma kununua tangu Jumamosi, akamwonya asimwambie mke wake. "Dada, mtoto alikuwa analia, ningefanya nini?" Ungesema! Una mdomo au tundu la kupitishia chakula? Mafundi wenzake wote waligeukia ukutani.

Kopo si sumu, mimi sisemi hivyo. Nesi mwenyewe huliruhusu inapobidi, mama akijua, akiendelea kukamua. Lakini kwa siri! Titi lisiponyonywa linajua halina mteja, linafunga duka. Wifi wa watu anajilaumu, kumbe mtoto analetwa kwake ameshiba. Ameshiba nini, sasa? Nimeingia chumba cha mama nikaiona chupa. Maji matupu yenye rangi. Anaichanganya nyepesi ili kopo lisiishe upesi! Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Na keshokutwa ni mizani.

Nimeimwaga. Wifi bado sijamwambia. Nataka kwanza nimalizane na mama, maana kumfanyia hivi mtoto wa mwenzio ni ukatili, hata ukiuita huruma.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika nimekaa kwenye korido ya mdogo wangu, sakafuni, karatasi juu ya goti. Mlango wa chumbani umefungwa kwa ufunguo.

Nilimkuta mama jikoni, mtoto begani, anachemsha maji. Nikafunga mlango nikamwambia yote. Kwamba amemfanya mkwewe ajione hafai. Kwamba mtoto akilazwa kesho, amemlaza yeye. Kwamba mwanamke aliyenyonyesha mpaka maziwa yakalowesha sketi angekuwa wa kwanza kuona huruma. Sikuinua sauti. Labda niliinua.

Mama akaweka sufuria chini.

"Hukunyonya wewe," akasema. "Hata siku moja hukushiba kwangu. Maziwa yalikata. Bibi yako akakuchukua, akakulea kwa chupa, na kila mgeni akaambiwa mke wa mwanawe ni mkavu. Unataka nikae nimwangalie mtoto huyu analia njaa?"

Miaka miwili na nusu! Shubiri! Kumbe shubiri ya nini? Maisha yangu yote nimejigamba kwa wale kina mama ninaowatembelea, na mimi nililelewa na kopo! Na yeye anajua jinsi inavyouma, anajua kuliko sisi sote, halafu anakwenda kumsimulia wifi habari za blauzi na sketi! Alichofanyiwa na bibi anamfanyia mwenzake, tena kwa mkono uleule wa kumnyang'anya mtoto.

Nikageuka. Wifi amesimama mlangoni, taulo begani. Sijui alifungua saa ngapi. Amesikia.

Akamtoa Mheshimiwa begani kwa mama, taratibu, mama naye hakumng'ang'ania. Akaenda chumbani. Ufunguo ukazunguka.

Nikagonga. Nikamwambia ni mimi, anifungulie, mwanasesere ninaye, tuanze upya, muda bado upo. Ndani Mheshimiwa analia, ananyamaza, analia.

"Wifi, umenisaidia sana, asante," akajibu. "Naomba aingie Mama. Peke yake. Chupa aiache huko."

Mama! Mimi niliyefundishwa, niliyeacha sare za darasa zima bila vishikizo wiki hii, nabaki nje, na anayeitwa ni yule aliyemtia mtoto maji tumboni! Mama akaja kutoka jikoni, akafuta mikono kwenye gauni, akanipa chupa niishike, akaingia. Hakuniangalia. Mlango ukafungwa tena.

Nimeweka sikio. Mama hasimulii chochote. Anauliza. Anauliza inauma wapi, ilianza kuchanika upande gani. Sijawahi kumsikia akimuuliza mtu kitu akangoja jibu. Wifi anaongea, anaongea sana, sikujua ana maneno mengi hivyo. Halafu mama akamwambia kwamba na zake zilichanika hivyohivyo, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa kimya. Mtoto pia kimya. Sijui ananyonya, sijui amelala kwa kuchoka. Kesho mizani, na hakuna anayeniambia kitu! Nimegonga tena, kidogo tu.

Wote wawili, kwa pamoja, wamenijibu nitulie.