Chumvi Chini ya Pikapu

Fundi Athumani, shikamoo.

Najua marahaba yako haitanifikia, lakini sikufunzwa kuanza neno na mkubwa bila kumwamkia, na aliyenifunza ni wewe. Nilikuja Magogoni kutoka Kitui nikiwa mtu mzima, mkavu wa maneno, nikasimama mbele ya gereji yako nikasema nataka kazi. Ukaendelea kukaza nati yako. Nikarudia. Ukakaza nyingine. Mpaka mkeo akatokeza kichwa dirishani akaniambia, baba, huku watu huamkiana kwanza. Miaka kumi na minne nimekuamkia kila asubuhi. Huu ni mwezi wa nane tangu tukuzike, na bado nikifungua mlango wa gereji mdomo unafunguka wenyewe. Naamkia ukuta.

Sasa nina habari. Tumenunua pikapu. Yaani mimi ndiye niliyeichagua, Fundi, peke yangu, bila wewe kukohoa pembeni. Na tangu siku hiyo sijakaa sawa, maana nimeona mambo.

Trela yako, ile uliyomchomelea binti yako Rehema kabla kifua hakijakuangusha, imekaa uani miezi yote hii, kuku wa mkeo wakitagia ndani. Binti yako hajabadilika. Bado anawachukua watoto wa shule za huku Kisauni, wale ambao mlima wameuona vitabuni tu, anawapeleka Taita kupiga kambi siku mbili. Wao hupanda basi la shule, yeye hufuata nyuma na mahema, sufuria na mapipa ya maji, pamoja na wadogo wanaotapika kwenye basi. Baada ya wewe kuondoka alikodi gari la mtu. Wakati wa kurudi, kwenye zile kona za kushuka kutoka Wundanyi, breki zikamwishia. Aliliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, likakwaruza, likasimama. Watoto wanne walikuwa ndani. Alhamdulillahi, kama ungesema wewe, hakuna aliyeumia.

Lakini mkeo alipopata habari alikaa chini pale pale jikoni. Akasema basi, hakuna safari tena. Rehema akajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yake na ndiyo raha yake, na kama si kazi hiyo hajui aamkie nini asubuhi. Wiki nzima hawakusemezana, nyumba moja, sufuria moja. Siku ya nane mkeo alikuja gereji, akaketi kwenye gurudumu lile ulilokuwa ukilikalia wewe, akaniambia: "Mutiso, kamchagulie gari. Wewe ukisema ndiyo, nami nitasema ndiyo." Akainuka akaenda zake.

Hebu fikiria. Mimi! Unajua nilivyo, mtu wa moto, mtu wa twende, mtu wa kufungua boneti huku mdomo ushatoa jibu. Neno la mwisho siku zote lilikuwa lako. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa.

Gari la kwanza tulioneshwa Kiembeni, kwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Pikapu ya milango minne, nyeupe pe, injini ya dizeli, ile saizi ya kati uliyokuwa ukisema ndiyo ya mtu mwenye trela, maana dogo litachoka kupanda na kubwa halitageuka kwenye kona. Ndani hamna hata unyoya. Mwalimu alitueleza kwa fahari kwamba hajawahi kulipakia samaki, hajalipeleka ufuoni hata siku moja, na kila asubuhi ya Mungu huliosha kwa mpira, juu na chini, kabla hajanywa chai. Rehema macho yakamng'aa. Mimi nami moyo ukaniambia chukua. Kizuri chajiuza, Fundi. Nilikuwa nishafungua mdomo.

Ndipo nikakusikia.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza, lile gari la muuza samaki wa Bamburi? Uliniambia niingize kidole kwenye tundu la chesisi, uti wa mgongo wa gari kama ulivyouita, nitoe matope ya ndani, nionje kama yana chumvi, maana chumvi hula chuma kwa ndani bila kuonekana. Mimi kinyaa kilinijaa. Matope ya chini ya gari, mbwa wamepita, kuku wamepita, niyatie kinywani? Nikachovya kidole kimoja, nikalamba kingine. Nikakwambia hayana chumvi. Ulilala chini mwenyewe, mzee wa watu, ukaonja, ukatema, ukamwambia mteja aliyetaka kulinunua asilichukue. Alipoondoka ukanifuta mkono wangu kwa kitambaa chako, kidole kimoja kimoja, polepole, kisha ukasema: "Kinyaa chako kitaua watu, mwanangu." Hukunipigia kelele. Afadhali ungenipigia. Niliona haya mpaka nikakosa pa kuyatia macho.

Basi kwa mwalimu nikaomba kipande cha boksi, nikalala chali chini ya lile gari jeupe. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, safi, inapendeza. Nikaigonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele, kama ulivyonifunza, nikisikiliza. Mbele ilialika. Katikati ilialika. Nilipofika nyuma, pale pale ndoano ya trela inapofungwa, mlio ukafa. Ikawa kama nagonga godoro. Nikatia kidole tunduni, nikatoa matope, na safari hii nikalamba kidole chenyewe.

Chumvi. Kali, ya kuuma ulimi.

Nilibaki pale chini nimeduwaa. Chumvi imetoka wapi kwenye gari ambalo halijui samaki wala ufuo? Nikamdhania mwalimu uongo, na hasira zangu unazijua, zikaanza kupanda. Nikatoka, nikaomba maji nisukutue. Mwalimu kwa upole wake akakimbilia mfereji wa uani, kisha akasita, akasema la, haya hayafai kinywani, haya ni ya kisima, ni maji ya chumvi, ya kuoshea tu. Ya kunywa wananunua kwa mwenye mkokoteni.

Fundi, nywele zilinisimama. Mpira ulikuwa bado mkononi mwake. Kila asubuhi, kwa mapenzi, mtu huyu alikuwa akilinywesha gari lake chumvi. Mvuvi hulipakia gari lake samaki mara mbili kwa wiki; mwalimu aliliosha kila siku, na chini hasa, kwa kuwa alitaka liwe safi hata mahali pasipoonekana. Nani angejua? Macho yote ya Mombasa yangelipita lile gari. Kidole chako na ulimi wako ndivyo vilivyojua, na wewe hupo, lakini ujuzi wako umo kinywani mwangu. Niliogopa. Si woga wa kumwogopa mtu, ni ule wa kugutuka umeingia msikitini na viatu.

Nilimweleza taratibu, kwa sauti yako karibu. Kisha akaenda akafunga ule mfereji, akaniuliza kama gari linaweza kutibiwa. Nikamwambia alilete tukate kipande kilichooza tuchomelee kingine. Amelileta. Liko hapa mbele yangu ninavyoandika. Kuvuta trela halitavuta tena, lakini kumpeleka sokoni na kanisani litampeleka.

La pili lilikuwa Mikindani, kwa mama mmoja wa Kitaita aliyekuwa akileta kabichi na nyanya soko la Kongowea. Sura yake hilo gari, Mungu anisamehe. Mlango mmoja wa kijani, mwili wa hudhurungi, bamba la nyuma limepinda. Rehema akalitazama akasema haendi kubeba watoto wa watu kwenye takataka hii. Nikamkaripia. Nikamwambia uzuri wa mkakasi kauona Kiembeni, hajatosheka? Sura aliyonikunjia ilikuwa yako kabisa, nikaona haya nikamwomba radhi hapo hapo mbele ya mwenye gari.

Nilifanya kila kitu, Fundi, sikuruka hata kimoja. Tulifika alfajiri ili nishike boneti likiwa baridi, mtu asije akawa amelipasha kutuficha kwamba huwaka kwa shida. Liliwaka kwa mkupuo mmoja, moshi ukatoka kidogo ukakatika. Nikajaribu gia ya magurudumu yote manne kwenye mchanga. Nikagonga chesisi kutoka pembe hadi pembe, ikaitika yote, mlio mmoja, mpaka yule mama akauliza kama naimba. Na matope yake yalikuwa mekundu. Niliyaonja, na hayakuwa na kitu. Udongo tu, udongo wa shamba, wa kule juu kwenye mvua.

Kisha mwenyewe akaturuhusu tukarudi nalo Magogoni, tukawafukuza kuku, tukalivisha trela. Nikajaza mapipa maji, nikayapanga ndani ya trela, mbele kidogo tu ya magurudumu yake, maana trela ikilemewa nyuma hucheza barabarani na kulivuta gari mtaroni. Ulikuwa ukisema kuvuta si kazi, punda huvuta. Kazi ni kusimama. Kwa hivyo nikaenda kwenye mteremko, nikaliachia na mzigo wote, nikakanyaga breki. Likasimama. Nikarudia mpaka mguu ukachoka. Kila mara likasimama kama limeambiwa na mkubwa wake. Watu waliokuwa wakikushukuru ulikuwa ukiwacheka, ukisema Mungu si Athumani, mshukuruni Yeye. Nilimshukuru Yeye, na wewe pia, wallahi. Unisamehe kuapa kwa kiapo chako.

Lakini bado neno lilinishinda. Nilifika mlangoni kwa mkeo nikasimama na kofia mkononi. Nilitaka kusema nadhani. Nilitaka kusema inshallah nikaishia hapo, mzigo abebe Mungu peke yake. Mkeo alinitazama tu, akingoja. Nikasema: "Ndiyo, mama." Hapo ndipo nikajua wewe ulikuwa ukibeba nini kila siku, ukisema neno hilo dogo mbele ya watu, kisha ukarudi nyumbani ukala wali wako.

Tulikwenda Taita juma lililopita. Niliomba kiti cha nyuma, na watoto watatu, mmoja akilalia bega langu. Rehema aliendesha. Kuanzia Mwatate barabara ilianza kujikunja. Nilikuwa nikisikiliza injini, trela, ndoano, kila kitu, jasho likinitoka na baridi ilivyo kule. Tulipita ile kona. Mkwaruzo wa gari la kukodi bado upo ukutani mwa mlima. Rehema hakuugeukia. Alishusha gia, akapanda, na lile gari la kabichi likapanda naye kama mtu anayerudi kwao.

Asubuhi niliamka kabla ya watoto, nikatoka hemani. Fundi, nisikufiche, sikuwa nimepata kuona kitu kama kile. Mawingu yalikuwa chini yangu. Chini! Nilisimama juu ya mawingu na soksi zangu. Kisha jua likatoka, yakaanza kupasuka, na tambarare yote ya Tsavo ikajitandaza huko chini, nyekundu, pana, haina mwisho, hata reli inaonekana nyembamba kama uzi. Watoto wakatoka mmoja mmoja. Watoto wa Kisauni, wale wa kelele, unawajua. Hakuna aliyesema neno. Mmoja akanishika mkono bila kunitazama. Nikakufikiria wewe, ambaye hukuwahi kuvuka Mariakani, umelala chini ya magari ya watu maisha yako yote, uso kwenye grisi, na ni wewe uliyewafikisha watoto hawa hapa. Nililia. Waliponiuliza nikawaambia ni upepo.

Kushuka ndiko kulikokuwa mtihani wenyewe, na tulishuka. Breki hazikunuka hata kidogo. Tulipofika nyumbani mkeo alikuwa barazani. Hakutuuliza habari. Aliliendea gari, akaweka kiganja kwenye boneti, ikiwa bado moto, akakiacha pale kwa muda. Kisha akamwambia Rehema maji ya kuoga yapo tayari. Nikadhani yamekwisha.

Jana jioni alikuja gereji. Akaniamkia kwanza, yeye, mkubwa. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo kama kwenye lile gari kuna nafasi ya mtu mzima mmoja, maana Rehema amemwambia kuhusu mawingu, na wewe na yeye mlikuwa mkisema mtakwenda, mtakwenda, mpaka hamkwenda.

Pumzika, mwalimu wangu. Umelala chini ya vyuma vya kutosha. Nafasi ipo. Nitamkalisha mbele, karibu na dirisha, na kabla hajapanda nitakuwa nimelala chini ya gari lile mimi mwenyewe, kila safari, maadamu mgongo wangu unakunjika. Nitampandisha juu kwa niaba yako, Fundi, na nitamrudisha.

Mwanafunzi wako,
Mutiso