Dada Yangu Aliambiwa Aende, Akapiga Vigelegele

Jumamosi, Masasi. Wingu zito limekaa juu ya majabali tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Joto linakaba.

Nina hasira. Nimeandika mwanzo mwingine hapa nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta pia. Basi nianze na hilo hilo. Nina hasira tangu Jumapili. Nalala nayo, naamka nayo.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kidato cha pili na cha tatu. Muhula huu tulikuwa kwenye msamiati na nahau, na kusema kweli lilikuwa somo langu tamu kuliko yote. Wanafunzi hucheka hadi machozi wakisikia kwamba Mwingereza akisema fulani amepiga ndoo teke, maana yake fulani amekufa. Hucheka, halafu hawasahau. Nilikuwa naamini kwamba mtoto akishazijua nahau za lugha, basi lugha imemfungulia mlango.

Jumapili hiyo dada yangu Fidea alishuka kutoka Newala kuja kunitembelea. Fidea ndiye aliyenilea. Tulizaliwa Lulindi, mama akatangulia tukiwa wadogo, na yeye akaacha shule ili mimi nisome. Amebangua korosho kiwandani tangu kilipokuwa cha serikali, kikafungwa, kikauzwa, kikafunguliwa tena na mwekezaji. Ncha za vidole vyake ni nyeusi kwa yale mafuta ya maganda, hazitakati hata akisugua na mchanga.

Alikuja amevaa kitenge kipya na furushi la mihogo kichwani. Nikamwuliza imekuwaje kiwanda kikamwachia wakati msimu haujaisha.

"Tuko likizo, mdogo wangu," akasema. "Meneja mwenyewe alitukusanya uani, akatuambia. Sisi wabanguaji wote."

Akasimulia huku anamenya mihogo. Meneja alisimama juu ya ngazi ya ofisi akasema Kiingereza chake taratibu, kwa upole, hata mkono kauweka kifuani. Karani Rajabu akatafsiri: meneja anasema kampuni inawaachia mwende, anawashukuru sana kwa kazi yenu, anawatakia mema huko mwendako. Mama mmoja akauliza waende mpaka lini. Rajabu akasema, mtajulishwa.

"Basi tukamwimbia," Fidea akasema. "Mimi ndiye niliyeanzisha. Tukapiga na vigelegele. Tangu enzi za serikali hatujawahi kupewa likizo kwa heshima namna ile. Na Kiingereza chake nimekishika. Ngoja. *Leti yu go.* Si ndivyo? *Leti yu go.*"

Nilikuwa nachochea mkaa. Nikamwomba arudie.

Akarudia, anatabasamu, anangoja nimsifu kama yeye alivyokuwa akinisifu mimi nikirudi na daftari langu la darasa la tatu.

Nimefundisha miaka mingi. Nimetafsiri hotuba za wageni, barua za wazazi, maelekezo ya dawa. Sijawahi kutafsiri kitu kizito kama maneno yale matatu, jikoni kwangu, kwa mtu aliyenilea.

Nikamwambia, "Dada, hiyo si likizo. Wamekuachisha kazi."

Hakulia. Alitazama muhogo uliokuwa mkononi, akamalizia kuumenya, akauweka kwenye sufuria. Kisha akasema, polepole, "Lakini mimi ghala nimelikataa."

Hapo ndipo hasira iliponiingia na haijatoka. Kuna mnunuzi binafsi aliyefungua ghala kubwa karibu na stendi ya Newala, na wiki ile ile alikuwa anatafuta wanawake wa kuchambua korosho. Watu wake walimfuata Fidea nyumbani kwake kwa sababu anajulikana. Akawashukuru, akawaambia yeye ana kazi yake, yuko likizo tu. Wenzake nao wakajibu hivyo hivyo. Nafasi zikaenda kwa wengine.

Wiki hii shule yetu ilikuwa kwenye mapumziko ya katikati ya muhula. Jumatatu nikapanda naye basi la Newala. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, na mimi nilikuwa natoka jasho.

Sasa niseme habari za Rajabu. Rajabu nilimfundisha mimi. Kama kuna mwanafunzi aliyewahi kunipa raha kwa msamiati, ni yeye. Ukimpa neno moja anakurudishia matatu yenye maana ile ile na moja lenye maana kinyume. Alipopata ukarani kiwandani nilifurahi kama mzazi.

Nilimkuta nje ya ofisi. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia kwa mazoea tu. Nikamwuliza swali moja: siku ile alielewa meneja amesema nini, au hakuelewa?

Moyoni nilikuwa namwombea aseme hakuelewa. Ningemkaripia, ningesema ndiyo madhara ya kukariri, tungemaliza.

Akatazama chini. "Nilielewa, Mwalimu."

"Basi?"

"Mama yangu mdogo alikuwa amesimama mbele kabisa. Mama Shaibu. Ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Ningesemaje?"

"Ungesema wamepunguzwa."

Neno lipo! Tangu mashirika yaanze kuuzwa, kuna nani huku kwetu asiyelijua neno kupunguzwa? Watoto wanaochunga mbuzi wanalijua. Rajabu aliliruka kwa makusudi, akachukua maneno ya meneja, akayageuza moja moja kama yalivyo, huku akijua watakachosikia wale akina mama. Na "mtajulishwa" meneja hakuisema kabisa. Hiyo aliiongeza yeye.

Nimeifikiria sana tafsiri yake usiku wa siku hizi. Ilikuwa sahihi. Kila neno lilikuwa sahihi, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Nikaingia kwa meneja. Si mtu mkali. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai, akasema Kiingereza changu ni kizuri sana. Nikamweleza kwamba wafanyakazi aliowafukuza hawajui kwamba wamefukuzwa. Akashangaa kwelikweli. Akaniambia alijua wameelewa, kwa sababu walimwimbia. Alisema hajawahi kuona watu wanaopokea habari mbaya kwa utulivu namna ile, na kwamba alikuwa amewasimulia hata jamaa zake kwao.

Amewasimulia! Dada yangu ni hadithi ya mezani huko ng'ambo, mwanamke mwema wa Afrika anayeimba akifukuzwa kazi.

Nikamwuliza kwa nini hakusema neno lenyewe. Akasema alitaka kuwaheshimu. Akasema kampuni inakaza mkanda. Akasema korosho sasa zitasafirishwa na maganda yake zikabanguliwe nje, uamuzi umetoka juu, na mikono yake imefungwa. Hiyo ya mwisho ni nahau, naifundisha kila mwaka. Nikaitazama mikono yake. Mmoja umeshika kikombe, mwingine unakoroga sukari.

Sisi nasi tuna tafsida. Hatusemi wazi mambo ya chooni, hatusemi mama fulani amezaa kama mbuzi, tunasema amejifungua. Juu kabisa hapa nimeandika kwamba mama yetu alitangulia, na hakuna aliyesoma akadhani alikwenda sokoni. Tunalifunika neno ili kumstahi anayesikia. Lakini hii ya kwao ya kazini inamstahi anayesema. Anakufukuza, halafu analala vizuri. Anakuachia uende, kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa unang'ang'ania mlango.

Na kwenye vitabu vyetu vya shule haimo. Vimejaa ndoo na mateke.

Nilimwambia meneja sitoki mpaka aitishe mkutano mwingine. Nilisema kwa Kiingereza kifupi, bila nahau hata moja. Akaahidi Ijumaa.

Jana, baada ya sala, akina mama walikusanyika uani pale pale. Wengi walikuwa wameshaambiwa na Fidea, lakini walikuja wamevaa vizuri, na nilijua kwa nini. Mtu huwa hamwamini mleta habari mpaka aisikie kwa mwenye habari. Mama Shaibu alikuwa mbele tena.

Meneja akaanza na mkanda wake. Kabla hajafika mbali, Rajabu akamgeukia, akamwambia jambo kwa sauti ndogo. Meneja akampisha. Rajabu akatugeukia. Akakiacha hata Kiswahili, akasema Kimakonde, lugha anayosema na mama yake mdogo jikoni. Akasema mmepunguzwa kazi, nyote, na hamtarudi. Akasema yeye alijua tangu siku ile.

Akina mama wakatazamana.

Kisha Fidea akasimama. Alisema Kiswahili, pole pole, ili kila mtu asikie.

"Rajabu, mwambie bwana huyu, siku ile mimi nilimwimbia. Wimbo ule nauchukua. Asiseme tena kwa watu kwamba niliimba."

Rajabu akatafsiri sawasawa, hakuruka kitu. Meneja akakunja uso, akaniangalia mimi mwalimu, akaniuliza maana ya msemo huo ni nini.

Nikamwambia si msemo. Aliimba wimbo, sasa anataka arudishiwe.

Akawa mwekundu. Bora.

Baada ya hapo wakadai stahili zao, na mkiwauliza wenyewe watawaambia wamejibiwa nini: suala litapelekwa makao makuu. Tutaona. Fidea na Mama Shaibu wameshakubaliana kwenda ofisi ya kazi Mtwara, na mimi nitakwenda nao, na huko hakuna atakayetutafsiria. Ghala la stendi limejaa. Tulipita tukauliza, wakasema pole, mama, ungekuja siku zile. Fidea akasema haya. Kisha tukaenda shambani kwake kuangalia mihogo, na njia nzima mimi niliyezoea kusema nilikosa la kumwambia katika lugha zote ninazozijua.

Sikuwahi kumwona akitembea polepole hivyo.

Nilirudi Masasi jana hiyo hiyo. Leo asubuhi nikasikia hodi. Rajabu, amenifuata kutoka Newala kwa basi la kwanza. Nikamkaribisha, nikamwekea chai, maana mgeni ni mgeni. Akakaa bila kuigusa. Akasema jana jioni alikwenda kwa Mama Shaibu. Akamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akarudia. Mama Shaibu akaendelea kupepeta unga, kama aliyesikia upepo tu.

Asiyekulia kwetu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Si dogo. Shikamoo isiyopata marahaba haina pa kwenda. Inabaki na wewe.

Rajabu akanisihi nikamsemee. Alisema mimi namjua mama yake mdogo, na najua kupanga maneno, naweza kumweleza kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba aliogopa, kwamba naye ana kibarua chake cha kulinda. Alieleza kwa ufasaha. Kila sentensi imekaa mahali pake. Nilimsikiliza nikamwona yule yule mtoto wa dawati la mbele, na huruma ikaanza kuniingia, na hiyo ikanikasirisha zaidi.

Nikamwambia hapana.

Nikamwambia aende mwenyewe, aseme "nilikudanganya", basi. Asiongeze kitu. Akisukumwa nje, akae nje.

Akauliza, "Asiponisamehe?"

Nikasema sijui. Kweli sijui. Ningekuwa mimi, ningechukua muda mrefu.

Ameondoka bila kunywa chai. Sikumsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mgeni.

Jumatatu shule inafunguliwa. Kidato cha tatu, kipindi cha kwanza, mada ni ile ile ya nahau. Nitawaandikia ubaoni maneno yale matatu ya meneja, na ningependa kusema nitakuwa nimetulia. Sitakuwa nimetulia. Nitawauliza: mtu akikwambia hivi, amekufanya nini? Na hakuna atakayekaa chini mpaka darasa zima limejibu kwa neno ambalo mama yake nyumbani atalielewa.